Imefunguka, Sasa Panda Mlima

Imefunguka! Nakunda, imefunguka! Kwenye kompyuta ileile ya ofisi ya ndiva iliyokutoa jasho mbele ya kamati nzima, programu yako imefunguka, na kidole kilichobonyeza ni hiki changu, mimi mama yako niliyeishia darasa la saba.

Haya, sasa ndiyo nikusalimie. Hujambo mwanangu? Marahaba nakuitikia kabisa kabla hujanitolea shikamoo, maana najua hapo ulipo huko Dodoma umeshasimama na simu mkononi. Huku tu wazima. Baba yako mguu unamsumbua asubuhi tu, jioni akisikia watu wanapiga soga kwa jirani mguu unapona wenyewe. Barua hii naiandika kwa mkono, kisha Zubeda, katibu wetu wa kamati, ataipiga picha aiweke kwenye kundi la kijiji la kwenye simu, uisome wewe na wasome wote. Nimemwambia asikate hata mstari mmoja. Waliokuona siku unashindwa ni haohao, basi na leo wasome.

Naanza na neno lako mwenyewe. Siku ile unashuka kwenda Same kupanda basi, nilikusindikiza mpaka njia panda. Begi la laptopu ulikuwa umelikumbatia kama mtoto mchanga. Ukaniambia, "Mama, mlima huu siupandi tena mpaka ile programu ifunguke." Nikadhani ni hasira za siku moja. Krismasi hukuja. Pasaka hukuja. Harusi ya binamu yako ukatuma kitenge, kizuri kweli, watu wamekisifu, lakini kitenge hakichezi ngoma, Nakunda. Nilikuwa natazama ile nafasi yako pale kwenye mkeka.

Nikajiuliza, huyu mtoto kiburi hiki kakitoa wapi? Baba yako akanitazama mimi kuanzia juu hadi chini.

Unakumbuka ulivyoianza kazi hii? Mimi nasema hukuianzia chuoni, uliianzia kwenye ukingo wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Ulikuwa mdogo, meno ya mbele hamna. Tulikuwa tunafika alfajiri, ndiva imejaa maji ya kijito yaliyokusanyika usiku kucha, tunasubiri ifunguliwe maji yashuke kwenye mfereji, kila nyumba imwagilie kwa zamu yake. Na kila asubuhi kelele. "Zamu yangu!" "Ya kwako ilikuwa juzi!" "Juzi maji yalikuwa kidogo, hayahesabiwi!" Sisi Wapare kwa kesi tunajijua. Wewe ukachomeka vijiti kwenye tope, kila nyumba kijiti chake, ukawa unavisogeza. Siku moja wanaume wawili wameshikana mashati, ukawaambia, "Leo ni ya Bibi Nakiete, nyote wawili si zamu yenu." Wakavitazama vile vijiti, wakaachiana. Bibi Nakiete, ambaye shamba lake liko mwisho kabisa wa mfereji, siku hiyo alipata maji mpaka yakamwagika barabarani. Mpaka leo ananisimulia kama vile mimi sikuwepo.

Kwa hiyo uliporudi mtu mzima na kusema umetengeneza programu ya kupanga zamu za maji, mimi sikushangaa. Nilisema, vijiti vimeingia kwenye kompyuta.

Na kwenye laptopu yako ilipendeza! Majina yote, mashamba yote, rangi ya kijani kwa mwenye zamu. Kamati ikapiga makofi. Kisha ukaihamishia kwenye kompyuta ya ofisi, ukabonyeza, kikatokea kile kiboksi cha Kiingereza chenye alama nyekundu. Ukabonyeza tena. Kiboksi. Mwenyekiti, mzee Eliamani, akainama akakitazama kama anayetazama jino bovu.

"Mwanangu, mbona kwako inacheka, hapa kwetu inanuna?"

"Kwangu inafanya kazi, mzee," ukasema.

"Basi tukuache hapahapa ofisini wewe na laptopu yako, tuwe tunawaletea chakula."

Wakacheka wote. Baba yako naye akacheka, nikamkanyaga mguu, na nilichagua ule unaouma. Mzee hakuwa na ubaya, mdomo wake ndivyo ulivyo. Akasema kamati itasubiri mpaka mvua za vuli za mwaka ujao zikikaribia, isipofunguka tunarudi kugawana maji kwa mdomo kama zamani. Wewe ukafunga begi ukashuka. Nilikuwa nimekupikia makande, yalikuwa hayajaiva hata mahindi. Tuliyala siku mbili.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu, na naomba kundi zima lisome vizuri hapa.

Ulinipigia simu jioni moja, sauti imechoka. Ukasema, "Mama, nimeelewa tatizo. Ile programu inategemea vitu vidogo vidogo ambavyo laptopu yangu inavyo siku nyingi, mpaka nimesahau kwamba vipo. Kwenye kompyuta ya ofisi havipo."

Nikasema, "Ndoo!"

"Ndoo gani, mama?"

"Umeenda bila ndoo, Nakunda! Umedhani shuleni zipo!"

Nikakusikia unacheka, kile kicheko chako cha puani ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya siku ya njia panda. Maana ulikumbuka. Unaingia kidato cha kwanza, shule ya bweni, wamesema mlete godoro, jembe, fagio na ndoo. Tranka limejaa, nakuuliza ndoo, unanijibu kwa madaha, "Shule nzima hiyo itakosa ndoo, mama?" Tukaiacha. Ukafika, matroni akakutazama: "Ndoo yako iko wapi?" Ukaoga kwa kuazima mpaka nilipokuletea, nimeibeba kichwani kutoka stendi, watu wananiuliza mama unauza maji? Muhula uliofuata ukafunga kila kitu, sindano, uzi, kibiriti, hadi kijiwe cha kusugulia visigino. Baba yako akauliza, "Unahama?" Ukamjibu, "Naenda mahali nisipojua kuna nini."

Hilo ndilo nililokukumbusha kwenye simu. Programu nayo ifungie tranka. Kila inachohitaji iende nacho yenyewe, isitegemee kukuta kitu huko iendako. Wewe unadai ulikuwa umeshalijua kabla sijasema. Sawa, sibishani na mtu wa kompyuta. Lakini neno ndoo nililitamka mimi, na Zubeda asikate mstari huu.

Ukaenda ukaijenga upya. Ukaniambia kompyuta yetu ni ya zamani, hivyo umeijenga kwa kimo chake. Na ukafanya jambo lililonifurahisha zaidi ya yote, ukaazima kwa mwenzako kompyuta tupu, isiyokujua wala isiyo na kitu chako, ukaijaribia humo. Hapo nikasema mtoto wangu amekua. Kumbe siku ile ya kamati ulikuwa umeijaribia nyumbani kwako tu, mahali inapopendwa.

Ukaituma kwa Zubeda, yeye anakaa Same bondeni na ana kompyuta yake. Akaitia kwenye flashi akapanda nayo. Mwanangu, mambo! Tumekaa ofisini, mzee Eliamani amevaa koti la kanisani, Zubeda anachomeka flashi, anabonyeza, hakuna kitu. Akakupigia. Ukamuuliza, "Dada Zubeda, faili lina ukubwa gani?" Akasoma. Ukasema, "Dada, hicho ni kijipicha tu, umebeba kijipicha cha mlangoni. Programu yenyewe umeiacha Same."

Mzee akasema, "Yaani tumeletewa picha ya mbuzi!"

Zubeda alicheka mpaka ushungi ukamdondoka. Akashuka, kesho yake akapanda tena na mbuzi mwenyewe. Safari hii ikaanza kuingia, mstari wa kijani unatembea, mara ukasimama. Ile antivairasi ya kompyuta ilikuwa imeikamata, imeiweka pembeni kama mgeni asiye na barua ya mjumbe. Ukamwelekeza Zubeda aitoe kizuizini, aseme huyu ni mtoto wa nyumbani. Ikaendelea. Ikafika mwisho. Akabonyeza kuifungua. Kiboksi chekundu!

Nakunda, mzee Eliamani alivua miwani taratibu, na mzee akivua miwani ujue anataka kufunga kikao. Nje mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima, vuli inanukia. Nikajua tukitoka humu ndani hivi, wewe huji tena. Si Krismasi, si msiba wangu. Nikamwambia, "Mwenyekiti, miwani irudi machoni, kikao hakijafungwa." Akairudisha, baba yako ni shahidi.

Zubeda akasoma kile kiboksi polepole. "Inasema haioni folda. Inatafuta... inatafuta kwa Nakunda."

Nikaruka. "Nakunda yuko Dodoma! Inamtafuta hapa kwa nini?"

Ulikuwa kwenye spika, ukapiga kelele mpaka simu ikakwaruza. Ukasema umeandika humo ndani njia ya kwenda kwenye folda yako mwenyewe, yenye jina lako, ya laptopu yako. Na yule mwenzako uliyeazima kompyuta yake, ulishawahi kuingia humo siku za nyuma kwa jina lako, kumbe folda ilikuwepo ukadhani haipo. Programu imebeba tranka zima, ndoo, jembe na fagio, ila imefika ugenini inaulizia kitanda chako cha nyumbani. Ukasema, "Mama, nipeni muda kidogo." Tukakaa. Mzee Eliamani akamwambia baba yako, "Hata kompyuta inamkumbuka huyu mtoto." Hakucheka aliposema hivyo.

Ukatuma nyingine, safari hii moja kwa moja kwenye simu ya Zubeda, akaisogeza simu dirishani ipate mtandao. Ukaniambia hii haitafuti kwa Nakunda, inatafuta hapohapo ilipowekwa, kwa yeyote aliyeikaribisha. Zubeda akaiingiza. Kisha akanisogezea kile kipanya. "Mama Nakunda, bonyeza wewe."

Nikafuta mkono kwenye kanga, nikabonyeza mara mbili kama ulivyonifundisha.

Kijani! Majina yote! Na juu kabisa, mwenye zamu ya siku hiyo, Bibi Nakiete. Sikusubiri mtu. Nilipiga vigelegele vilivyosikika mpaka shuleni, mwalimu akatuma mtoto kuuliza kuna harusi gani. Bibi Nakiete alipoambiwa akauliza, "Ni vijiti vya yule mtoto?" Nikamwambia ndiyo, bibi, ni vilevile.

Sasa unajua jinsi ninavyosema. Nimeshamwambia mchungaji, nimeshawaambia wanakwaya, nimewaambia hata watu wa gari nisiowajua kwamba mwanangu ndiye aliyepanga maji ya mlima huu. Mmoja akasema, "Mama, umeshatuambia mara ya pili." Nikamwambia na ya tatu inakuja, kaa vizuri.

Lakini usiku nikilala, nachofikiri si kompyuta. Nafikiri kwamba ulitaka kuja na kitu kisicho na kosa, ndiyo maana hukuja kabisa. Mwanangu, sisi hatujawahi kukuomba uje na kitu. Hata ile siku ya kiboksi chekundu, makande niliyoyaacha jikoni yanachemka yalikuwa ya mtu aliyekuja, si ya programu iliyofunguka.

Neno lako umelisema kwa mdomo wako pale njia panda, na limeshatimia. Imefunguka. Huna pa kujifichia.

Mzee Eliamani ameshatoa mbiu ya msaragambo. Tunatoa tope lote la ndiva kabla ya vuli, kila nyumba itoe mtu, na amesema kwa nyumba yetu hatapokelewa mwingine ila wewe, hata nikienda mimi atanirudisha. Shangazi yako anapanda kutoka Mwanga. Zubeda analeta wanawe. Bibi Nakiete amesema atakaa ukingoni pale ulipokuwa unakaa, akuelekeze. Jembe usibebe. Hili nakuapia lipo, nimeliona kwa macho yangu, limeegemea ukuta wa jikoni na baba yako amelitia mpini mpya. Mahindi ya makande nitayaloweka mapema, safari hii utayakuta yameiva.

Basi lala salama huko, na basi la asubuhi usilikose. Ni mimi mama yako, mbonyezaji wa kwanza, nitakayekungoja njia panda palepale nilipokuachia, na kijiji kizima kitakuwa ndivani Jumamosi.