Ovaroli ya Victor

Terry, Christopher, fundi mwenzake Victor, amenipigia sasa hivi kutoka Jeddah.

Leo gereji alivaa ovaroli ya marehemu Victor wangu, ile yenye jina lake kifuani. Yake ilikuwa imelowa mafuta.

Akaingia mteja mwenye gari ya spoti, amefura. Alikuwa ameagiza springi mpya, na tairi zile zinazotembea hata zikiisha upepo. Wakamfungia tairi za kawaida na kumwachia springi zilezile zilizochoka. Njia ya Riyadh tairi ikapasuka, gari ikatoka barabarani, nusura afe na mtoto wake.

Kafili, yule tajiri mwenye gereji aliyewaajiri, akajibu bila haya: "Victor ndiye alifunga. Alishakufa, halas."

Alishakufa, halas, yaani basi, yamekwisha. Mume wangu, Terry. Wamemfanya jalala la uchafu wao.

Mteja akatazama kifua cha Christopher. "Na huyu ni nani?"

Kafili akamtolea Christopher macho. Ikama ya Christopher, kile kibali cha kuishi huko, anaishika yeye.

Christopher akasema, "Ni mimi Victor. Na hizo tairi ni wewe uliniamuru nifunge, bosi."

Amefukuzwa palepale. Kafili akataka ovaroli ibaki, Christopher akakataa, akatoka nayo mwilini.

Anasema akirudi nyumbani ataniletea. Nimemwambia asiifue.