Uso Wangu Ulivyoidanganya Mashine ya Wodini

Mafubira, Jinja

Kwa dada yangu Nambozo,

Mimi ni mzima. Naanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu nasikia huko Mbale mmeshaambiwa nimekufa, na wengine wameanza kuuliza bati zangu nimemwachia nani. Waambie bati bado zina mwenyewe.

Sasa salamu. Hujambo, dada? Magoti yanasemaje na mvua hizi? Shemeji bado anashona, au macho yamemgomea? Watoto wanakula? Nimewawaza nyinyi hata siku zile nilizokuwa sijui leo ni siku gani.

Habari yenyewe ni hii. Pale kiwandani kwetu tunapoyeyusha vyuma chakavu, ililetwa injini ya lori. Wanaume wanne waliishika, wakaiacha. Nikawaambia sogeeni, nyinyi mmelelewa kwa chai. Nikaibeba peke yangu, dada, hatua kumi na moja, na kama mlango usingekuwa mwembamba ningeifikisha Kampala. Hapo ngiri yangu ya zamani, ile uliyoniambia nikashonwe nami nikakujibu ni mafuta tu, ikatoka na haikurudi tena ndani. Utumbo ukajikaba. Tajiri wetu Kalasinga alinitia kwenye gari lake mwenyewe, lile ambalo hata mkwe wake hakai kiti cha mbele, akanikimbiza hospitali huku amelala juu ya honi.

Wakanipasua siku ileile. Daktari alikata kipande cha utumbo kilichokufa, akaunga palipobaki. Wanasema kilikuwa kama shubiri moja. Mimi nasema mita mbili, maana utumbo ni wangu na urefu wake naujua.

Sasa sikiliza mambo ya siku hizi. Katika wodi ile ya waliopasuliwa wana hii wanayoiita akili bandia. Usifikirie mtu wa chuma. Ni kioo tu, kipana kama daftari, kina jicho. Nesi anakishika mbele yako, kinaangalia nyusi, macho na mdomo, kisha kinasema maumivu yako ni ngapi katika kumi. Kidoleni nako wanakubana kitu kinachohesabu mapigo ya moyo. Manesi ni wachache na sisi tumejaa, kwa hiyo kioo kinawaambia waanze na nani. Jirani yangu wa kitanda, muuza samaki wa Masese, alipasuliwa jipu. Alikuwa akikunja uso kidogo, kioo kinasema nane, analetewa dawa. Nikamdharau, Mungu anisamehe.

Siku ya tatu tumbo langu likaanza. Ilikuwa kama mtu anakamua nguo mbichi ndani yangu. Sista Babirye, msichana mmoja mpole wa Kisoga, akaja na kioo chake.

"Mzee, unaumwa?"

"Niko sawa."

Akanielekezea lile jicho. Nami nikafanya nini? Unanijua. Nikauweka ule uso. Ule wa mwaka wa imbalu yangu, nilipotahiriwa nimesimama mbele ya nyumba ya Babu na unga usoni, kisu kinapita, na kijiji kizima kinavizia kama nitapepesa hata ukope. Sikupepesa siku ile, nije kupepesa mbele ya kioo?

Kioo kikasema mbili.

"Mbili tu, mzee! Unaendelea vizuri."

Lakini mapigo ya moyo yalikuwa yanakimbia kama mwizi. Kioo kikachanganya hesabu zake, kikamwambia huyu amepungukiwa maji, aongezewe dripu, aangaliwe tena baadaye. Akaniongezea, akaenda kwa yule wa Masese aliyekuwa analalamika kwa sababu amekohoa. Aliporudi, kioo kikasema mbili tena. Na mimi, dada, moyoni nilikuwa najisifu. Mtu anakufa na anajisifu.

Mchana akaingia zamu Sista Khainza, mkubwa wa wodi. Umri wako, mwili wa kutosha, sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Akasoma kioo, akanitazama, akasoma jina kwenye faili.

"Mafabi. Wewe wa wapi?"

"Mbale."

"Ulitahiriwa hospitali?"

"Mimi? Nje, mchana kweupe, mbele ya watu!" Nilikasirika kabisa.

"Ndiyo maana." Akamgeukia Babirye. "Mwanangu, hiki kioo kimefundishwa na watu wanaokunja uso wakiumwa. Huyu hakimjui. Mfunue miguu."

Shuka likaondolewa. Vidole vyangu vya miguu vyote vilikuwa vimejikunja kama vya kuku aliyechinjwa, na godoro limelowa jasho.

"Nyinyi wanaume wetu wa Kigisu," akasema Khainza, "mnakufa na sura nzuri. Unamwonyesha nani? Hapa hakuna ngoma, hakuna mashangazi. Sema namba."

"Mbili."

Akaweka mkono tumboni. Lilikuwa gumu kama ubao. Akabonyeza polepole, halafu akaachia ghafla. Dada, nililia. Sisemi niliguna, nasema nililia, mpaka yule wa Masese akanyamaza kwa heshima.

"Sema namba, kaka yangu."

"Kumi, Sista. Tangu alfajiri ni kumi."

"Asante. Babirye, kimbia umwite daktari. Mwambie nahofia palipoungwa pameachia."

Na kweli palikuwa pameachia, panavuja ndani. Wakanirudisha kwenye upasuaji wakati chakula cha mchana bado kinagawiwa. Daktari aliniambia baadaye kwamba kama ningevumilia mpaka kesho yake, mngeletewa mwili.

Babirye alikuja kitandani kwangu macho mekundu, anaomba msamaha. Nikamwambia usilie, binti, umedanganywa na bingwa. Lakini Khainza hakumwachia hivihivi. Alimwambia kioo hakikusema uongo wote, mapigo yalikuwa yanapiga kelele, wewe ukasikiliza uso. Hapo nikaelewa. Uso nimeufundisha, lakini moyo wangu haukuwahi kusimama mbele ya kisu.

Kabla sijaruhusiwa kutoka walikuja vijana wenye kompyuta, wale wanaokifundisha kioo. Wakachukua zile picha zangu za siku ile, na pale palipoandikwa mbili wakaandika kumi. Kwa hiyo sasa mimi ni mwalimu wa mashine, na sikumaliza darasa la sita. Mgisu yeyote atakayelala wodini kuanzia leo, awe Jinja au Ulaya, aulize aliyemwokoa ni nani. Na Babirye siku hizi kabla hajainua kioo anauliza kwanza kwenu ni wapi, kisha anaweka mkono tumboni.

Dada, nilipokuwa nimelala pale nilimfikiria Baba. Unakumbuka alivyokaa kwenye kile kiti kambini, siku tatu, koti la jeshi limefungwa mpaka shingoni? Tulimuuliza, akasema ni tumbo tu. Kwenye mazishi mimi ndiye niliyesimama nikamsifu kwamba hakuguna hata mara moja, na askari wenzake wakapiga makofi. Sasa najua alikuwa kwenye ngapi. Nimekaa na hilo siku nyingi. Nimeona nikuandikie wewe, kwa sababu ulikuwepo.

Nisalimie shemeji, mwambie suruali zangu zote kiuno kipungue. Nisalimie shangazi yetu asiyeona vizuri, aishike barua hii mkononi ajue aliyeiandika ana nguvu za kalamu. Watoto wako waambie mjomba wao alibeba injini peke yake. Na la kulia pia waambie, usilifiche.

Nimerudi chumbani kwangu tangu Jumamosi. Nakunywa uji, natembea mpaka kwa muuza mkaa na kurudi. Najua utauliza kama bado naumwa, na najua ulishajiandaa kutoniamini. Nikikaa kimya ni mbili, na hii ni mbili ya kweli. Nikikohoa ni nne. Nikicheka ni sita, na leo wenzangu wa kiwandani wamekuja kunitazama, nimecheka tangu asubuhi.

Mdogo wako aliyebaki hai,
Mafabi