Kumbukumbu za Kikao cha Tatu Kuhusu Mapezi Yaliyovunjika Angani

CHAMA CHA WARUSHA ROKETI: KAMATI YA UFUNDI

Tarehe: Jumamosi, 14 mwezi wa sita
Mahali: Karakana ya Seremala (Mwalimu alipinga mahali hapa. Pingamizi limeandikwa, kama alivyoomba mara mbili.)

Waliohudhuria:
Mwenyekiti, muuguzi mstaafu, maarufu kama Bibi Saa
Mwalimu wa fizikia, mpiga hesabu wa chama
Seremala, mtengeneza mapezi, shemeji yake Mwalimu
Katibu, fundi redio na mpaka rangi wa roketi (mwandishi)

Hakuwepo kwa udhuru: Mwenye Uwanja, aliyekuwa akiziba paa lake.

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa na dakika ishirini na tano, baada ya mashemeji kumaliza kubishana nani akae karibu na dirisha. Alisema, "Kama kuna aliyekuja kurudia maneno ya wiki iliyopita, ayaseme sasa hivi, kimoyomoyo."

KUMB. NA. 2/3: YATOKANAYO
Vikao viwili vilivyopita viliagiza pezi lililosalia lipimwe. Halikupimwa. Mwalimu alikuwa akisubiri aletewe, na Seremala alikuwa akisubiri aombwe kwa adabu.

KUMB. NA. 3/3: BARUA YA MWENYE UWANJA
Ilikumbushwa kwamba roketi yenye kimo cha mtu mzima iliruka vizuri kwa sekunde tatu. Ilipofika mwendo wa mita 230 kwa sekunde, mapezi ya mkiani yalipapatika, mawili kati ya matatu yakavunjika, na kiwiliwili kikatoboa paa la ghala la Mwenye Uwanja. Mama yake mzazi alikuwa ametoka humo punde tu, na ndoo mkononi.
Barua yake ilisomwa: "Sitaki pole. Nataka kujua kwa nini. Msiponieleza kufikia Jumatatu, tafuteni uwanja mwingine."

KUMB. NA. 4/3: UIMARA WA MAPEZI
Seremala alilibana pezi kwenye jiriwa, akaning'iniza ndoo ya misumari ya kilo kumi na tano kwenye ncha yake. Pezi lilipinda kidogo, halikuvunjika. Alisema, "Mnaona? Mbao haina neno, gundi haina neno. Kosa liko kwenye daftari la shemeji."
Mwalimu alijibu kwamba kubeba mzigo ni jambo moja na kupapatika ni jingine. Upepo wa mwendo mkali hulisokota pezi, nalo hurudi, husokotwa tena zaidi, hadi linajivunja lenyewe. "Shemeji, bati la paa unaweza kulikalia, lakini upepo ukiliingia linang'oka." Hata hivyo, kwa unene wa milimita nne, hesabu yake ilionyesha pezi lingevumilia hadi mita 280 kwa sekunde. Kwa hiyo, alisisitiza, kosa ni gundi.
Seremala alisema gundi hiyo alifundishwa na marehemu baba yake, na kuitukana ni kumtukana marehemu. Mwalimu alisema hakumtaja marehemu. Seremala alieleza kwamba hata dada yake, ambaye ndiye mke wa Mwalimu, amepiga marufuku neno roketi nyumbani kwake. Mwenyekiti aliagiza ya nyumbani yabaki nyumbani. Hayakubaki, kwa dakika kumi na nane.

KUMB. NA. 5/3: KIPIMO
Mwenyekiti alinyanyuka, akachukua kalipa ya kupimia unene ukutani, akalipima pezi mwenyewe mahali patatu. Unene ulikuwa milimita 3.2.
Mwalimu alipiga hesabu upya. Alieleza kwamba unene ukipungua kidogo, uwezo hupungua sana: mpaka wa mwendo ulikuwa umeshuka hadi kama mita 200 kwa sekunde. Roketi iliupita.
Seremala alileta kipande kilichobaki cha ubao uleule. Kilikuwa milimita nne kamili. Mwenyekiti aliuliza, "Mapezi yalipotoka kwa Seremala, yalipita mikononi mwa nani?"
Katibu aliomba majibu yake yasiandikwe. Ombi lilikataliwa.
Katibu alieleza kwamba alipoletewa mapezi ayapake rangi, aliyaona mazito na yenye mikwaruzo. Aliyapiga msasa siku tatu, pande zote mbili, ili yang'ae na roketi ipae juu zaidi. Hakumwambia mtu kwa sababu alidhani huko ni kurembesha tu. Alikumbushwa kwamba katika kikao cha kwanza alimuunga mkono Mwalimu dhidi ya gundi. Alikubali. Alisema, "Basi ni mimi niliyetaka kumwua mama wa watu," na akashindwa kuendelea kuandika kwa muda.

Iliazimiwa:
Mapezi mapya yawe ya milimita tano.
Yapimwe baada ya msasa, na hesabu ifuate kipimo hicho.
Mpaka wa kupapatika uzidi mwendo wa roketi kwa robo au zaidi.
Katibu aende Jumatatu kwa Mwenye Uwanja, aeleze kwa mdomo wake, mama akiwepo.

KUMB. NA. 6/3: MENGINEYO
Katibu aliomba kujiuzulu. Mwenyekiti alijibu, "Ukimbie, halafu nani akaseme? Kaa chini."
Mwalimu alimwambia Seremala kwamba gundi ilikuwa nzuri. Seremala aliomba arudie. Mwalimu alirudia.

KUMB. NA. 7/3: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na moja na robo jioni. Seremala alimuuliza Mwalimu kama anapita njia ya nyumbani. Mwalimu alisema anapita, na wakaondoka pamoja bila kuzima taa. Katibu aliizima.

Mwenyekiti: ........................
Katibu: ........................