Kadi ya Gari Bado Ina Jina Lako

Baba Zawadi, popote ulipo,

Barua hii sikuitia kwenye bahasha. Nampa dereva anayepanda kwenda Zambia, naye atampa mwingine, na wakitaka kuisoma njiani waisome. Aibu iliniisha zamani. Nimechoka, na kinachonichosha ni kadi ya gari lako.

Unakumbuka siku tuliyohama Iringa? Kitanda nyuma ya pikapu, kuku wawili miguuni pangu, Zawadi amelala mapajani. Pale kizuizini askari aliishika kadi akaitazama sana. "Bwana, hili gari la Iringa. Kama mnahamia Mikumi, lazima ukaliandikishe Kilosa." Ukacheka. "Afande, sisi tunapita tu." Tulipofika mbele nikakuuliza mbona umemdanganya mtu wa serikali. "Ndiyo lugha ya barabarani, mama Zawadi," ukasema. Nikacheka nawe. Nilikupenda mno siku ile, hata uongo wako niliuona mtamu.

Tukapewa kiwanja kijijini, tukajenga, tukalima mahindi. Mwenyekiti wa kijiji alipokuuliza habari ya kadi, ulimjibu yale yale, tunapita tu, huku umesimama kwenye shamba lako mwenyewe! Kila Jumatatu ulikuwa uende Kilosa, na kila Jumatatu kulikuwa na nati ya kukaza. Kisha ukapanda lori la watu kwenda Zambia, safari ya wiki mbili. Zawadi sasa yuko darasa la nne.

Pikapu uliyoiacha ndiyo inayobeba wagonjwa wa kijiji, na kaka yangu Salumu ndiye anayeiendesha. Mwezi uliopita alikuwa anampeleka hospitali mke wa mfugaji mmoja, uchungu umeshamshika, wakasimamishwa njia ya Kilosa. Askari aliwaachia kwa huruma tu. Akasema akilikuta tena gari hili na kadi ile, litalala kituoni. Yule mama alijifungua salama, lakini nusura ajifungulie kizuizini.

Nikaenda Kilosa mwenyewe. Karani wa kadi za magari, kijana wa adabu, aliniamkia kwanza, kisha akanieleza. "Mama, jina halibadilishwi bila mwenyewe. Aje hapa, au aweke saini. Kama ni marehemu, lete barua ya balozi." Nikarudi kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Athumani, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akanijibu. "Mwanangu, nikiandika kwamba amefariki, itabidi tukae matanga. Na wewe utaingia eda." Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba! "Sasa, mzee," nikamwuliza, "nani atakwenda Kilosa kubadilisha kadi?" Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Yake yakakauka, yangu yakaendelea.

Kukuua kwa ajili ya pikapu siwezi. Tangu siku hiyo nakuona mzima kabisa, mahali nisipopajua, unamwambia mwenyekiti mwingine maneno yale yale. Miaka yote nilidhani ulimdanganya yule askari. Kumbe yeye ulimwambia kweli, aliyedanganyika ni mimi niliyekaa pembeni yako na kuku wangu. Inaniuma, baba Zawadi. Sitakuficha.

Sikuiti urudi. Fomu aliyonipa karani nimeikunja humu ndani. Nimeijaza yote kwa mwandiko wangu, namba ya gari, jina lako, jina langu. Weka saini pale chini, umpe dereva yeyote anayeshuka huku, amwulizie mama Zawadi hapa Mikumi. Usikawie, maana kuna wajawazito wengine wawili kijijini.

Mahali wanapouliza sababu ya kubadilisha mwenye gari, karani aliniambia niandike kwa kifupi. Nimeandika: alikuwa anapita tu.

Mama Zawadi,
mkazi wa Mikumi