Jibu Nililoandika Kuhusu Utumwa wa Marekani

Ansab, Maskati
Ijumaa

Dada Rael,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto wote. Mguu wa mama unaendeleaje tangu ateleze pale kisimani? Je, anatembea bila fimbo? Mimi mwili ni mzima, lakini tangu Jumanne sina amani. Barua hii anakuletea Otieno, mwenzangu wa kazi, anayekuja likizo. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu naiogopa. Ukishaisoma, ichome.

Ni habari ya yale masomo ya mwalimu wa kanisani unayonitumia, ya historia ya Marekani kwa macho ya Mkristo. Dada, usijilaumu. Niliyapenda. Unajua niliacha shule darasa la saba, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza maoni yangu juu ya jambo lolote. Masomo ya kwanza yalikuwa rahisi. Wale watu waliovuka bahari ili wamwombe Mungu bila kusumbuliwa niliwaelewa, maana hata mimi nimevuka, ingawa mimi nilifuata kazi. Nilikuwa nikinakili maswali kwenye daftari na kuyajibu saa ya mapumziko, nimekaa juu ya maboksi ya vigae.

Somo la sita likauliza Wakristo wa kule waliyatumiaje Maandiko katika habari ya utumwa. Dada, nilikasirika. Niliandika kwamba waliotafuta uhuru wa kuomba ndio walionunua watu, na Jumapili wakawahubiria utii. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini kalamu iliendelea. Nikaandika kwamba hata hawa ninaowajengea nyumba, babu zao waliwanunua babu zetu huku wakisali mara tano kwa siku, na kwamba sijui Mungu alikuwa akisikiliza sala ya nani.

Niliandika kwa Kiswahili, nikijua nimefunga mlango. Nani angesoma Kiswahili kwenye jengo hili tunalojenga mtaa wa Mabela? Msimamizi wetu ni Mhindi, mafundi wa umeme ni Wabangladeshi, na mwenye nyumba anaongea Kiarabu. Mama yake, Bi Zuwena, huletwa kila asubuhi, anakaa kwenye kiti cha plastiki na kutuangalia bila neno. Mimi na Otieno tulimpa jina, askari wa saruji. Tukimwona tu tunasema, "Jihadhari, askari ameingia zamu." Tunacheka, naye anatazama vigae.

Jumanne nilirudi kutoka kunawa nikakuta daftari limo mapajani mwake. Amevaa miwani. Kidole chake kiko kwenye mstari.

"Weye ndo mwenye hili?" akaniuliza.

Kwa Kiswahili, dada. Tena cha Unguja, kizuri kuliko changu.

"Ndiyo, madam."

"Madam wa wapi? Siku kumi na tatu mnanambia askari. Nikasema ntasubiri nione lini mtanipandisha cheo."

Otieno aliangusha mwiko. Mwanawe akaja, akauliza kwa Kiarabu kuna nini. Mama akamjibu kwa neno moja la Kiarabu ambalo nalijua, maana yake somo. Kisha akatia daftari mkobani, akaenda nalo.

Hapa kuambiwa umetukana dini si jambo la kuombana msamaha. Ni jela kwanza, ndege baadaye. Jumatano hakuja. Nilipanga nguo zangu kwenye begi. Kila simu ya msimamizi ilipolia nilijua ni mimi ninatafutwa. Otieno akaniambia, "Ndugu yangu, Wamarekani wamekufa zamani. Wewe uliwatafutia nini?" Sikucheka.

Alhamisi Bi Zuwena akaja. Akaniita kwenye chumba kisicho na mlango bado, akafungua ukurasa ule.

"Umeandika babu zetu wamewanunua babu zenu."

"Nisamehe, mama. Nilikuwa najibu swali."

"Nnajua. Nimelisoma na swali." "Bibi yangu mzaa mama alinunuliwa. Mnyasa, wa kule ziwani bara. Aliyemnunua ndiye babu yangu. Sasa nambie, mimi ni wa babu zao au wa babu zenu?"

Nilitazama sakafu niliyoipanga mwenyewe.

"Ukurasa huu utoe," akasema. "Mwanangu Kiswahili anakisikia, kusoma hajui. La bibi yangu halijui, wala mkewe, wala watu wa mkewe. Ukurasa huu ukisomwa, wataanza kuulizana nani katoka kwa mtumwa. Wakilijua sasa, wajukuu zangu hawaozwi."

Nikauchana ukurasa. Akaukunja mara nne, akautia mkobani, akanirudishia daftari. Hakusema atanishtaki, wala hakusema hatanishtaki. Sasa yeye ana maandishi yangu, nami nina siri yake, na sijui ni nani kati yetu anayemwogopa mwenzake zaidi. Anaweza kuniondoa hapa kwa neno moja, ili tu nisibaki karibu na mwanawe. Mimi nikifungua mdomo, nimemvunjia nyumba. Gari likisimama nje ya jengo, kwanza natazama nani anashuka.

Kwa hiyo usinitumie somo la saba. Mwambie mwalimu somo la sita anipe sifuri. Niliandika kama mtu aliyeona watu wa aina mbili tu, na yule mama hayumo katika aina hata moja.

Nisalimie mama, mwambie kazi inaendelea vizuri. Nisalimie shemeji na ng'ombe wake, na mjomba Enosi mzee wa kanisa. Kijana wako wa darasa la saba mwambie asiache shule nilipoachia mimi.

Kanisani niombeeni, ila usitaje jina langu wala nchi niliyoko. Na mkimaliza kuniombea, mwombeeni pia mwanamke mmoja mzee. Yeye naye usimtaje.

Ni mimi mdogo wako,
Barasa