Mama, mashine ya sumaku na mfuko wa unga

Goma, Jumamosi, mwezi wa tano

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Leo nitakueleza yote, hata yale ambayo Mama alitaka niyafiche. Kano ya kisigino chake iliyokatika siku tulipokimbia vita imeunga, lakini imekakamaa kama mpira uliosahauliwa juani. Mama anaogopa kwamba hatapanda tena kilima cha kwetu. Kwa hiyo nilimsindikiza mtaa wa Ndosho, kwa papa mmoja, mtu mzima anayetibu kwa mazoezi na mashine ya sumaku. Aliiweka nyuma ya mguu, ikalia tak, tak, na mguu ukaruka.

"Mutoto, angalia, mguu unacheza bila kuniuliza," Mama alisema, akacheka.

"Sumaku inaamsha musuli tu, Mama," papa akajibu. "Kano italainishwa na kutembea. Fika pale mlangoni."

Mama alichechemea kidogo, akasimama, akaomba kitu cha kubeba. Yule papa alidhani ni mzaha. Mimi nilifunga kwa kitenge mfuko wa unga tulioununua njiani, nikampitishia kitenge kwenye paji la uso, mfuko ukining'inia mgongoni, kama tunavyobeba kule kwetu. Akainama, akaenda mpaka mlangoni, kisigino kikigusa chini. Nami niliona ukungu wa asubuhi, na wewe na Mama mkiteremka kilima na viazi mgongoni.

"Basi Jumanne uje na mzigo wako," papa alimwambia.

Msalimie Papa yetu huko kwetu, mkae kwa amani. Mimi mdogo wako Kavugho naomba unijibu upesi, maana Mama ananiuliza kila jioni: ukanda wake wa kubebea mzigo ungali umetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni?