Mji Uliopiga Magoti

Keji mjukuu wangu,

Hapa nyumbani Kator tuko salama. Mama yako amepona malaria, na mbuzi wako amezaa mapacha watundu kama wewe.

Umeniuliza kama si upuuzi wewe kuandika hadithi za majoka wakati watu wetu wana taabu za kweli. Ngoja nikusimulie.

Wakati wa vita, nikiwa msichana, wauza karanga wa soko la Konyo Konyo walifunga karanga zao kwa kurasa za vitabu. Ukurasa mmoja ulininasa: mji wenye miguu, unaotembea kuwakimbia maadui. Nikawa narudi kwa muuzaji yuleyule kila nilipoweza, nikisoma hadithi vipande vipande. Mwisho wake sikuupata. Nadhani ulikwenda na karanga za mtu mwingine. Basi nikautunga mwenyewe: mji ulirudi, ukapiga magoti kama ngamia, na walioachwa nyuma wakapanda. Niliwasimulia wenzangu tukisukana nywele.

Kisha vita vikatutawanya. Miaka mingi baadaye, kambini Uganda, kwenye foleni ya maji, mwanamke nisiyemjua alikuwa akimsimulia mwanawe. Nikasikia, "Mji ukapiga magoti kama ngamia." Ndoo ikaniponyoka.

Mtoto akauliza, "Mama, na sisi mji utatufikia lini?"

"Uko njiani," akamjibu.

Keji, jibu hilo sikulitunga mimi.

Nitumie hayo majoka yako.

Bibi yako, haboba wako